Unakwenda Wapi?

Fomu ya zamani ilikuwa na visanduku arobaini na saba.
Nilivihesabu Jumatatu, ghorofa ya sita, Upper Hill,
chai ikinipoa mkononi.
Kila kisanduku kilinikodolea macho
kama bawabu aliyesahau analinda nini.

Andika kwa herufi kubwa. Ambatisha nakala tatu.
Usiandike chini ya mstari huu.
Na chini ya mstari huo
ndiko watu walikokuwa wakiandika ukweli:
gari halina spea;
tangu Machi najilipia mwenyewe;
mama kalazwa, naomba nirudi Ijumaa.

Makokha, fundi wa pampu za visima,
alinijia na yake imekunjwa mara nne, ina alama ya grisi.
Imerudishwa mara tatu, alisema, bila hasira,
kama mtu anayetaja idadi ya watoto wake.
Kwanza hakujaza jina la hoteli.
Akajaza: stoo.
Ikarudi: stoo si hoteli.
Akaandika "Stoo Hoteli", ikapita hapo,
ikakwama penye Sababu ya Safari,
maana aliandika neno moja, Maji,
na kalamu nyekundu ikasema: fafanua.

Kuuliza si ujinga.
Lakini kumuuliza mtu mara arobaini na saba
ilhali spana ziko begani
ni utovu wa adabu.

Nikafunga kompyuta. Nikamvutia kiti.
Unakwenda wapi?
Kupita Lodwar, akasema, nusu siku zaidi.
Lini?
Juzi.
Tukacheka, kisha hatukucheka.
Akaeleza, nami nikaandika nyuma ya risiti ya chapati:
swali, jibu, swali, jibu,
na maswali yaliyomtosha yalikuwa sita.

Bi Nyaboke wa uhasibu alishuka na miwani kifuani.
Namba ya bajeti usiniondolee, mwanangu,
wakaguzi watanila mbichi.
Alisema kweli. Sikuiondoa.
Nimeiweka nyuma ya pazia, mashine iijaze yenyewe,
kwa kuwa Makokha haijui namba ya bajeti
na bajeti haimjui Makokha.

Kwa Bwana Wairegi ndiko kulikonichosha.
Penye Utalala wapi? nilikuwa nimeweka:
hotelini, kwa jamaa, kazini, sijui bado.
"Sijui bado" si jibu, akasema.
Nikamwambia katika fomu nzima
hilo ndilo jibu pekee lisilo na uongo.
Tulibishana hadi mvua ikaanza kupiga vioo
na taa za magari zikajipanga kule chini, nyekundu, hazisogei.
Mwishowe akatazama saa. Haya, liache.

Nami nilikosea, nisijifanye malaika.
Kwa siku mbili fomu yangu haikuwa na kitufe cha kurudi nyuma.
Fomu ya safari, isiyo na njia ya kurudi!
Tarishi Mwakio ndiye aliyenasa humo,
akabonyeza, akabonyeza,
akaniuliza kwa upole wa Kitaita
kama kampuni imeamua asirudi.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, ombi la kwanza likaingia.
Wapi: kupita Lodwar.
Kulala: kazini.
Sababu: Maji.
Hakuna aliyemwambia afafanue.

Swali la sita nililiongeza mimi,
fomu ya zamani haikuwahi kuliuliza:
Ukichelewa kurudi, tumpigie nani?
Nikaona namba. Nikaisoma tena, tarakimu moja moja.
Ilikuwa yangu.
Na penye Uhusiano, pale nilipoacha nafasi finyu
nikitarajia mke, kaka, jirani,
ameandika kwa herufi ndogo, bila nukta:
fundi mwenzangu